Kabla ya Kununua Hisa, Uliza Fedha Yako Inakwenda kwa Nani

Chang'ombe ya Dodoma ina watu wengi wanaojua kununua hisa hata kama hawajawahi kukanyaga ofisi ya dalali. Kikoba kinapokutana, mwanachama anatoa fedha, kitabu chake kinagongwa muhuri kwa kila hisa, na fedha inaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Bei ya hisa moja imeandikwa kwenye katiba ya kikundi na haibadiliki mpaka mzunguko uishe. Ukiisha, wanagawana: kila mmoja anarudishiwa alichoweka pamoja na fungu lake la riba ya mikopo.

Mwongozo huu nimewaandikia watu hao hasa. Nidhamu ya kuweka akiba unayo tayari, na sasa unasikia habari za gawio la CRDB au NMB, nawe unataka kununua hisa za kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Kuna mazoea mawili ya kikoba ambayo huku hayafanyi kazi. Kampuni hairudishi fedha za hisa mwisho wa mwaka. Ukitaka fedha yako, lazima apatikane mtu mwingine wa kuinunua hisa yako. Na bei haikuandikwa kwenye katiba yoyote: leo inaweza kuwa juu ya uliyonunulia, kesho chini yake.

Maneno ya soko ni mengi, lakini mengi yake yanaeleweka ukiuliza swali moja tu: katika jambo hili, fedha inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani? Nitalitumia swali hilo mwanzo hadi mwisho.

Toleo la hisa kwa umma

Kampuni inapouza hisa kwa wananchi kwa mara ya kwanza, huo huitwa uuzaji wa hisa za awali kwa umma, na mahali pake ni soko la awali. Bei hupangwa kabla, muda wa kununua una tarehe ya kuanza na ya kufunga, na kila kitu kinaelezwa katika waraka wa matarajio, ambao lazima uidhinishwe na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Watu wengi husoma ukurasa wenye bei tu. Mimi nakusihi utafute kwanza ukurasa unaoeleza fedha zitakazokusanywa zitatumikaje, kwa sababu matoleo mawili yanayofanana kwa nje yanaweza kuwa mambo mawili tofauti kabisa.

Chukua NMB. Mwaka 2008 ziliuzwa hisa milioni 105 kwa shilingi 600 kila moja. Hisa hizo hazikuwa mpya. Zilikuwa za serikali, sawa na asilimia 21 ya benki, na serikali ndiyo iliyokuwa inauza. Shilingi bilioni 63 zilikwenda kwa muuzaji, yaani serikali, wala si kwenye mtaji wa benki. Mwaka uliofuata CRDB nayo ikaja kwa wananchi na hisa milioni 125 kwa shilingi 150 kila moja. Hizi zilikuwa hisa mpya, na bilioni 18.75 zilizotokana nazo ziliingia benki kuongeza mtaji wa kukopesha. Mnunuzi wa NMB na mnunuzi wa CRDB wote walipata hisa halali, na wote wamepata gawio. Lakini aliyenunua NMB akidhani fedha yake ndiyo itakayofungua matawi mapya alikuwa amekosea tangu mwanzo.

Vodacom Tanzania ni mfano wa tatu. Sheria iliyataka makampuni ya simu yauze asilimia 25 ya hisa kwa umma, na mwaka 2017 Vodacom ikauza hisa mpya zipatazo milioni 560 kwa shilingi 850, jumla takriban bilioni 476. Kwa wingi wa fedha lilikuwa toleo kubwa kabisa kuwahi kufanyika nchini hadi wakati huo. Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya 850 na kukaa huko muda mrefu. Bei ya toleo ni bei anayoiomba muuzaji. Hakuna mtu anayeidhamini isishuke, na muhuri wa CMSA kwenye waraka maana yake ni kwamba umepewa taarifa zinazotakiwa na sheria. Hausemi kwamba bei ni nzuri.

Toleo linaweza kupata wanunuzi wachache. Precision Air ilipouza hisa mwaka 2011 kwa shilingi 475, ilipata chini ya nusu ya fedha ilizokuwa inazitafuta. Linaweza pia kupata wanunuzi kupita kiasi. Safaricom ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, na maombi yakazidi hisa zilizopo zaidi ya mara tano. Hapo kila mwombaji hugawiwa sehemu ya alichoomba na kurudishiwa fedha iliyobaki. Wapo Wakenya wengi waliokopa benki ili waombe hisa nyingi. Walipata kidogo, riba ya mkopo ikaendelea kukimbia, na kabla mwaka haujaisha bei ikawa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Kwa hiyo usikope ili ununue hisa za toleo, hata kama aliyekushawishi ni mkuu wako wa kazi.

Hisa stahili, hisa za bonasi na kugawanya hisa

Kampuni iliyokwisha kuorodheshwa ikihitaji mtaji zaidi inaweza kuwauzia hisa mpya wanahisa wake wa sasa, kila mmoja kwa kadiri ya alizonazo. Hizo ndizo hisa stahili. CRDB ilifanya hivyo mwaka 2015: kila mwenye hisa tano alipewa haki ya kununua moja kwa shilingi 350.

Hapa ndipo mwanahisa mdogo huumia bila kujua, kwa hiyo twende taratibu. Tuseme ulikuwa na hisa 500. Haki yako ilikuwa hisa 100, na ulitakiwa ulipe shilingi 35,000. Ukilipa, sehemu yako katika benki inabaki ileile. Ukikaa kimya, hisa zako zinabaki 500, lakini hisa zote za benki zimeongezeka kutoka takriban milioni 2,177 hadi milioni 2,612. Sehemu yako imepungua kwa moja ya sita. Gawio linapogawanywa kwa hisa nyingi zaidi, fungu lako ni dogo zaidi.

Bei nayo hujirekebisha. Chukulia kwa mfano kwamba kabla ya toleo hisa inauzwa 400. Hisa tano ni 2,000, ongeza moja ya 350, unapata 2,350 kwa hisa sita, yaani kama 392 kila moja. Ukiona bei imeshuka kutoka 400 hadi 392 siku hisa zinapoanza kuuzwa bila haki hizo, usiruke kwa hofu. Hakuna aliyeibiwa, isipokuwa yule aliyeiacha haki yake ipotee. Barua ya hisa stahili ikikufikia na huna fedha, mpigie dalali wako mapema umuulize kama haki hiyo inaweza kuuzwa. Usiiweke barua juu ya kabati mpaka tarehe ipite.

Hisa za bonasi ni kitu kingine. Hapo hakuna fedha inayotoka kwa mtu yeyote wala kwenda kwa mtu yeyote. Kampuni inahamisha faida iliyolimbikizwa kwenye vitabu vyake na kuigeuza kuwa mtaji, kisha inawapa wanahisa hisa za nyongeza. Kugawanya hisa ni hesabu tupu: KCB ya Kenya, ambayo pia imeorodheshwa DSE, mwaka 2007 iligawanya kila hisa moja kuwa kumi. Aliyekuwa na moja ya bei kubwa akawa na kumi za bei ndogo, na utajiri wake ukabaki ulivyokuwa.

Soko la upili

Toleo likifungwa na kampuni ikaorodheshwa, tunaingia soko la upili. Huku ndiko utakakonunua siku nyingi za maisha yako, na huku fedha yako haiendi kwa kampuni hata kidogo. Inakwenda kwa mwanahisa mwingine anayeuza. Ukinunua hisa za saruji ya Twiga leo, kiwanda cha Wazo hakipati shilingi. Anayelipwa huenda ni mstaafu wa Moshi anayetafuta ada ya mjukuu.

DSE ilianza kazi hii tarehe 15 Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Kampuni ya bia ya TBL ikafuata mwaka huohuo. Hadi leo orodha si ndefu, na hilo lina uzito kwako kuliko unavyodhani, kwa sababu linahusu ukwasi: je, ukitaka kuuza, mnunuzi yupo? Hisa za benki kubwa hubadilishana mikono karibu kila siku. Baadhi ya kampuni ndogo zinaweza kupitisha wiki bila hisa hata moja kuuzwa. Bei iliyoandikwa ubaoni kwa kampuni ya namna hiyo ni bei ya mtu wa mwisho aliyefanikiwa kuuza, pengine zamani, na haina ahadi kwamba nawe utaipata. Fedha ya ada ya Januari au ya kodi ya chumba usiifungie humo.

Ipo hali mbaya zaidi, ya kampuni kuondolewa sokoni. Hisa za NICOL, kampuni ya uwekezaji iliyokusanya fedha za Watanzania wengi wa kawaida, ziliondolewa DSE mwaka 2011 na hazikurudi hadi 2018. Miaka yote hiyo mwanahisa alikuwa na mali isiyo na mahali rasmi pa kuuzia.

Dalali atakapokuuliza oda ya namna gani, usikubali kusema tu "ninunulie". Oda ya bei ya soko maana yake nunua kwa bei yoyote iliyopo sasa. Oda ya bei maalumu maana yake usivuke kiwango hiki, hata kama tutasubiri. Kwa kampuni zenye ukwasi mdogo tumia ya pili kila mara.

Gawio

Gawio ni sehemu ya faida ambayo mkutano mkuu wa mwaka umeidhinisha wagawiwe wanahisa. Fedha inatoka kwenye kampuni kuja kwako, na hii ndiyo njia ya kawaida ambayo kampuni yenyewe hukulipa. CRDB ililipa shilingi 65 kwa kila hisa kutokana na faida ya mwaka 2024. Mwenye hisa 500 alistahili 32,500. Kodi ya zuio kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa ni asilimia 5, kwa hiyo ilikatwa 1,625 na akapokea 30,875.

Linganisha na bei ya 150 ya mwaka 2009 na utaona kwa nini watu wanazungumza. Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili. Mwaka 2019, miaka kumi baada ya toleo, hisa ya CRDB ilikuwa inauzwa sokoni chini ya zile 150. Aliyeuza wakati ule kwa sababu ya shida alipata hasara ya bei, ingawa benki ilikuwa hai na inafanya kazi. Uwezo wa kusubiri ndio uliotenganisha aliyepata na aliyekosa, na uwezo huo unatokana na kutotumia fedha ya chakula.

Angalia pia ukubwa wa gawio dhidi ya hisa zote. NMB ina hisa milioni 500. Kwa mwaka 2023 ililipa shilingi 361.18 kwa hisa. Zidisha uone: karibu bilioni 180.6. Serikali ilikuwa bado inamiliki asilimia 31.8, ndiyo maana Hazina ilipokea zaidi ya bilioni 57. Mwalimu wa Chang'ombe mwenye hisa 20 na Hazina hulipwa kiwango kilekile kwa kila hisa. Hili ni jambo ambalo nalithamini sana katika umiliki wa hisa, na sheria inalilinda.

Tarehe ni muhimu. Kampuni hutangaza siku ya kufunga daftari la wanahisa. Ambaye jina lake halimo siku hiyo hapati gawio la mwaka huo, hata akinunua kesho yake. Na kwa kuwa ununuzi huchukua siku chache za kazi kukamilika, kukimbilia dakika za mwisho ni kujitafutia lawama. Tena bei mara nyingi hushuka kidogo baada ya daftari kufungwa, maana anayenunua sasa hanunui tena na gawio lile.

Fahirisi

Kwenye taarifa ya habari utasikia kwamba fahirisi ya soko imepanda. Watu wengi hudhani maana yake hisa zao zimepanda. Haiko hivyo, na ukifanya hesabu moja tu hutadanganyika tena.

Tuseme soko lina kampuni tatu. Ya kwanza ina hisa milioni 100 na bei ni 2,000, kwa hiyo thamani yake sokoni, ambayo huitwa mtaji wa soko, ni bilioni 200. Ya pili ina hisa milioni 50 kwa 600, ni bilioni 30. Ya tatu ina milioni 20 kwa 1,000, ni bilioni 20. Jumla bilioni 250. Tunaamua siku hiyo tuiite 1,000, na hiyo ndiyo fahirisi ya kuanzia. Mwezi mmoja baadaye kampuni kubwa imepanda kwa asilimia 10, imefika bilioni 220. Hizo mbili ndogo zimeanguka kwa asilimia 20 kila moja, zimebaki bilioni 24 na bilioni 16. Jumla mpya ni bilioni 260. Fahirisi sasa ni 1,040. Redioni watasema soko limepanda kwa asilimia 4, na ni kweli, ilhali kampuni mbili kati ya tatu zimeporomoka. Kama akiba yako ilikuwa kwenye zile ndogo, umepoteza moja ya tano siku ambayo wengine wanashangilia.

Fahirisi za DSE zimejengwa kwa njia hii ya kupima kampuni kwa mtaji wake wa soko. Zipo mbili kuu. Ya kwanza, DSEI, inahesabu kampuni zote zilizoorodheshwa, zikiwemo za Kenya ambazo soko lao kuu ni Nairobi, kama KCB na East African Breweries. Bei za hizo hutoka Nairobi na kugeuzwa kuwa shilingi yetu, kwa hiyo DSEI inaweza kuyumba kwa sababu ya jambo la Kenya au kwa sababu shilingi ya Kenya imepanda au kushuka, bila chochote kutokea hapa. Ya pili, TSI, inahesabu kampuni za ndani tu. Wewe unayenunua benki na saruji za Tanzania, fuata TSI. Zipo pia za sekta, ikiwemo ya mabenki na fedha, na ya viwanda.

Nairobi wana desturi ndefu zaidi. Fahirisi yao ya kampuni 20 ilianzia 100 mwaka 1966 na hukokotolewa kwa wastani wa bei bila kuipa kampuni kubwa uzito wa ziada. Mwaka 2008 wakaanzisha nyingine ya hisa zote, inayopima kwa mtaji wa soko. Katika hii ya pili Safaricom ni kubwa kiasi kwamba ikiyumba yenyewe, namba nzima inayumba. Siku moja fahirisi hizo mbili zinaweza kwenda pande tofauti, na zote zikawa sahihi.

Jambo la mwisho kuhusu fahirisi: hupima bei, haihesabu gawio ulilopokea. Mwanahisa ambaye bei ya hisa zake haikusogea mwaka mzima lakini akalipwa gawio zuri amepata, ingawa fahirisi haitamwonyesha.

Kuanza ukiwa Chang'ombe

Madalali wengi wana ofisi Dar es Salaam, lakini huhitaji nauli ya treni. Kwa kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki, dalali mwenye leseni atakufungulia akaunti ya CDS, ambamo hisa zako hutunzwa kielektroniki kwa jina lako. Unaweza pia kutumia simu, kwa programu ya DSE iitwayo Hisa Kiganjani. Kabla ya kumtumia mtu hata shilingi, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA. Fedha ya hisa iende kwenye akaunti ya kampuni ya udalali. Ukipewa namba binafsi ya mtu, acha hapohapo.

Uliza ada. Kwa fedha ndogo, kamisheni ya dalali na tozo za soko pamoja zimekuwa zikizunguka asilimia 2 unaponunua na kiasi kama hicho unapouza. Maana yake bei lazima ipande kama asilimia 4 ndipo urudishe fedha yako. Kununua na kuuza kila wiki kunamnufaisha dalali.

Kama huna muda wa kufuatilia kampuni moja moja, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kuanzia Umoja wa mwaka 2005. Humo unanunua vipande, na wataalamu ndio wanaochagua hisa na hatifungani. Ukitaka kutoka, mfuko wenyewe unakununulia vipande vyako kwa thamani ya siku hiyo, kwa hiyo hulazimiki kumtafuta mnunuzi. Kwa kikoba kinachotaka kuwekeza kwa pamoja, mimi ningeanzia hapo.

Na anayekuahidi faida maalumu kila mwezi kwa jina la hisa, mkimbie. Mwaka 2009, mwaka uleule wananchi walipokuwa wananunua CRDB, serikali ilifunga DECI, mpango ambamo watu walipeleka "mbegu" wakisubiri kuvuna. Uliza fedha ya mavuno ilitoka kwa nani: ilitoka kwa waliopanda baadaye. Hapakuwa na biashara katikati.

Ukishanunua, mpe dalali namba ya simu inayofanya kazi na akaunti ya benki ambayo hutaifunga, kwa sababu gawio hulipwa huko. Ukibadilisha laini au ukihama kikazi, mjulishe. Mweleze mwenzi wako au mtoto mkubwa kwamba hisa zipo, ziko kwa dalali gani, na namba ya CDS imeandikwa wapi. Mwanahisa akifariki, warithi watatakiwa kupeleka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo hisa zihamishwe. Bila hiyo hawataweza kuziuza, na kama hakuna anayejua zipo, gawio litaendelea kulimbikizwa kwa jina la marehemu mwaka baada ya mwaka.